Waifai inayokatika hula mtaji: Tafuta uhakika kabla ya kununua kasi

Mayai 180 yalikuwa ndani ya mashine ya kutotolesha, siku ya 17 kati ya 21, na simu ya mwandishi wa makala haya ilikuwa ikionyesha nyuzi joto 37.6. Namba nzuri kabisa. Saa 4 usiku ilikuwa 37.6, saa 7 usiku alipoamka kunywa maji ilikuwa 37.6, na alfajiri ilikuwa bado 37.6. Alipofungua mlango wa banda saa 12 asubuhi, mashine ilikuwa ya baridi kama jiwe.

Kilichotokea kilikuwa kidogo tu. Saa 3 na nusu usiku umeme ulikatika kwa dakika chache, ukarudi kwa kishindo, fyuzi ya mashine ikaungua. Kipimajoto kilichokuwa kikituma taarifa kwa waifai nacho kilizimika kikawaka tena, lakini hakikuipata ruta iliyokuwa sebuleni, mita zipatazo 30 na kuta tatu kutoka bandani. Siku zote kilikuwa kikishika kwa kubahatisha. Usiku ule ruta ilipowaka upya ilijichagulia chaneli nyingine yenye msongamano, na bahati ikaisha. Programu ya simu haikusema kwamba haijasikia kitu. Iliendelea kuonyesha namba ya mwisho iliyoipata, kama saa ya ukutani iliyosimama.

Vifaranga waliototolewa walikuwa tisa.

Hasara ile haikuletwa na intaneti ya polepole. Kipimajoto hutuma herufi chache tu, na kifurushi kilichokuwa kimelipiwa kingetosha kuangalia mpira. Kilichokosekana ni uhakika, yaani taarifa kufika kila inapotakiwa, na isipofika mtu ajue haikufika. Dukani tunaulizwa tunataka kasi gani, na sisi tunajibu. Suala la uhakika halitajwi na muuzaji wala na mnunuzi.

Kwa mwenye duka hasara huja kwa sura nyingine. Mteja amesimama kaunta jioni, ameshatuma fedha kwa Lipa Namba, muuzaji anasubiri ujumbe, ujumbe hauji. Nyuma wamesimama watu wanne. Wa tatu na wa nne wanaondoka kimyakimya kwenda duka la pili, na hakuna daftari linaloandika mauzo hayo yaliyopotea.

Ugonjwa uko ndani au nje?

Kabla ya kutoa shilingi yoyote, ndugu msomaji, tafuta kwanza ugonjwa uko wapi. Mtandao una vipande viwili. Kipande cha kwanza ni kutoka kwenye kifaa chako hadi kwenye ruta, na hicho ndicho waifai. Kipande cha pili ni kutoka kwenye ruta hadi kwa kampuni ya mawasiliano na kuendelea hadi ng'ambo. Watu wengi huviita vyote "mtandao", kisha humlaumu asiyehusika.

Itakumbukwa kuwa Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika karibu na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota katika nchi nyingi za Afrika Mashariki. Tanzania iliumia sana, hata Ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam ukatangaza kufunga milango kwa siku mbili. Siku kama hiyo hakuna ruta mpya itakayosaidia. Lakini siku kama hiyo ni moja kati ya nyingi. Kukatika kwa kila siku, kule kwa dakika mbili hapa na tano pale, mara nyingi kumo ndani ya kuta zetu wenyewe.

Kipimo chake hakihitaji fundi. Simama na simu hatua mbili kutoka kwenye ruta na ujaribu kufungua kitu. Kikifunguka vizuri, na ukienda kaunta au bandani kikagoma, tatizo ni waifai. Kikigoma hata ukiwa karibu na ruta, tatizo liko nje au kwenye ruta yenyewe. Mwenye kompyuta aiunganishe na ruta kwa waya, kwani jibu la waya halina utata. Fanya hivyo kwa wiki moja na uandike kwenye daftari: siku, saa, na ulikuwa umesimama wapi. Wiki ikiisha utaona mambo. Kuna ambaye mtandao wake hufa kila saa 7 mchana, jirani anapopasha chakula kwenye tanuri la mikrowevu. Tanuri hilo hufanya kazi kwa masafa ya gigahezi 2.45, katikati kabisa ya njia ambayo waifai nyingi hutumia.

Kikao kisicho na mwenyekiti

Mwaka 1971, Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii waliwasha mtandao wa redio uliounganisha kompyuta katika visiwa mbalimbali. Waliuita ALOHAnet. Utaratibu wake ulikuwa rahisi: mwenye neno aseme, na akigongana na mwenzake asubiri kidogo kisha arudie. Hesabu zilionyesha kuwa kwa mtindo huo njia haiwezi kubeba zaidi ya asilimia 18 hivi ya uwezo wake. Muda mwingine unapotea kwa migongano na ukimya. Ulipowekwa utaratibu wa kusema kwa vipindi maalumu, kiwango kilipanda hadi asilimia 37.

Waifai, ambayo kiwango chake cha kwanza kilitolewa mwaka 1997, ni mjukuu wa mtandao ule. Ina adabu zaidi, kwa sababu kila kifaa husikiliza kwanza kabla ya kusema. Hata hivyo, bado ni kama kikao cha ukoo kisicho na mwenyekiti. Waliopo wakiwa watano kikao kinakwenda. Wakiwa hamsini, kila mmoja anasubiri mwenzake anyamaze na hakuna linaloamuliwa. Tena kuna balaa jingine: simu iliyo stoo na simu iliyo barazani zote zinaisikia ruta iliyo katikati, lakini zenyewe hazisikiani. Kila moja inadhani njia ni tupu, zinaanza kusema pamoja, na ruta haiambulii kitu.

Sasa fikiria jengo lenye maduka 40, kila duka na ruta yake. Katika masafa ya gigahezi 2.4 chaneli zimehesabiwa hadi 11, na katika nchi nyingi hadi 13, lakini kila moja ni pana kiasi cha kuingilia za jirani. Zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Anayejiweka chaneli ya 3 akidhani amepata kona yake mwenyewe huwasumbua wa 1 na wa 6, nao humsumbua yeye. Zipo programu za bure za simu zinazoonyesha majirani wako wako chaneli ipi. Chagua kati ya hizo tatu iliyo na watu wachache, kisha ifunge ruta isihame yenyewe. Kama mwandishi angefanya hivyo, huenda kipimajoto chake kingeikuta ruta pale kilipoiacha.

Vifaa vinavyokubali gigahezi 5, kama simu na kompyuta za kaunta, vihamishiwe huko. Kuna chaneli nyingi zaidi na vurugu kidogo, ila mawimbi yake hupenya ukuta kwa shida zaidi. Vipimajoto na mizani ya bei nafuu mara nyingi havina uwezo huo, viache kwenye 2.4.

Ruta nyuma ya magunia

Fundi aliyeitwa baada ya msiba wa mayai aliikuta ruta ikiwa chini sakafuni, nyuma ya friji, imeegemea dumu la mafuta ya kula. Aliuliza kama nayo inauzwa.

Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote na kulirekebisha hakuna gharama. Ruta huachwa pale alipoishia aliyeleta waya, au hufichwa kwa sababu haipendezi. Ukuta wa zege lenye nondo unaweza kumeza desibeli 10 au zaidi, yaani kati ya kila sehemu 10 za nguvu iliyoingia, hutoka moja. Kuta mbili za aina hiyo, imebaki moja kati ya 100. Bati na milango ya chuma hurudisha mawimbi yalikotoka. Maji huyanywa, na kwa hiyo matangi, friji iliyojaa soda, magunia ya mazao mabichi na hata umati wa wateja ni vizuizi. Umbali nao una kodi yake, kwani hata mahali pa wazi ukienda mbali mara mbili nguvu hubaki robo.

Iweke juu, mahali pa wazi, katikati ya eneo la kazi. Na kabla ya kwenda kununua nyingine, isogeze kwanza upana wa kiganja na upime tena. Huu si ushirikina. Wimbi la gigahezi 2.4 lina urefu wa sentimeta 12.5 hivi, na ndani ya chumba chenye vyuma vingi mawimbi hudunda na kukutana kwa njia tofauti. Mahali pengine yanasaidiana, na sentimeta sita pembeni yanauana. Kwa mwenye mashine ya kusaga au karakana ya kuchomelea, hatua hiyo ndogo inaweza kuwa ndiyo dawa.

Anayetumia ruta ya laini ya simu ana mtihani wake. Ruta hiyo ina redio mbili, moja ya kuzungumza na mnara na nyingine ya waifai. Mnara unaitaka dirishani, waifai inaitaka katikati ya nyumba. Usiigawe nusu kwa nusu. Iache dirishani panapopata mnara vizuri, kisha vuta waya wa mtandao hadi kwenye kifaa cha pili cha kusambazia katikati. Waya huo unafika hadi mita 100 bila kuongezewa nguvu.

Wauzaji wengi watakuonyesha kirudishi, kile kidubwasha cha kuchomeka kwenye soketi ambacho hupokea waifai na kuitoa tena. Kinasaidia mahali ambapo waya haupiti, lakini kama kinapokea na kutoa kwa chaneli moja, kila neno linasemwa mara mbili na uwezo unabaki kama nusu. Tena watu hukiweka kwenye chumba chenyewe kisicho na mtandao. Hapo hakina cha kurudisha. Mahali pake ni katikati ya safari, pale mawimbi yangali na nguvu.

Mashine ya kaunta, kompyuta ya hesabu, kamera za ulinzi na kila kisichohama vifungwe kwa waya. Waifai ibaki kwa vinavyotembea.

Kutoka nyumbani hadi shambani

Wakulima wengi huamini kuwa waifai haiwezi kwenda mbali. Mwaka 2007, Ermanno Pietrosemoli na wenzake nchini Venezuela waliunganisha vilele viwili vya milima kwa vifaa vya waifai vilivyorekebishwa, umbali wa kilomita 382. Hawakutumia umeme mwingi. Walitumia antena zinazoelekeza mawimbi upande mmoja, na kati ya vilele hivyo hakukuwa na kizuizi.

Kwa shamba la kawaida, jozi ya antena za namna hiyo hufika kwenye kisima kilicho kilomita moja bila jasho, mradi zionane. Na kuonana hapa si kuona kwa jicho tu. Njia ya mawimbi ina umbo la mhogo, nyembamba kwenye ncha na nene katikati. Kwa kilomita moja na masafa ya gigahezi 2.4, unene wa katikati ni kama mita 5.6 kila upande wa mstari, na angalau mita 3.4 za hizo zinatakiwa ziwe wazi. Fundi anayefunga antena mwezi Septemba, shamba likiwa tupu, anaweza kuondoka akiwa amelipwa na kila kitu kinafanya kazi. Mahindi yakifika kimo cha mtu na migomba ya jirani ikifunga majani, mtandao unaanza kukohoa, na mwenye shamba analaumu mvua.

Mvua yenyewe katika masafa haya inasingiziwa mara nyingi. Matone hayachukui kitu cha maana kwa umbali mfupi kama huo. Wahalifu ni majani yaliyolowa na maji yaliyoingia kwenye maungio ya waya wa antena. Wenye intaneti ya dishi la setilaiti wana haki ya kuilaumu mvua, kwa sababu masafa yao ni ya juu zaidi.

Kwa vipima unyevu wa udongo na vihesabu maji vilivyotawanyika shambani, waifai si chombo chake. Ipo teknolojia iitwayo LoRa inayotumia masafa ya chini ya gigahezi 1 na kutuma herufi chache polepole, kwa kilomita kadhaa, na betri ikakaa kwa miaka. Haifai kwa picha wala sauti. Kujua kama shamba la chini linahitaji maji, inatosha.

Wenye viwanda walifanyaje

Kiwandani mambo ni magumu kuliko dukani. Kuna mabomba, matangi, mota na watu wa kupita na toroli. Na taarifa ikikosekana, si mteja anayeondoka bali ni bomba linalopasuka. Kwa muda mrefu wahandisi walikataa kabisa mitandao ya bila waya. Waliyoikubali hatimaye, mmojawapo ukiwa WirelessHART ambao mwaka 2010 uliidhinishwa kuwa kiwango cha kimataifa namba IEC 62591, haikuongeza kasi hata kidogo. Iliongeza nidhamu.

Kwanza, kila kifaa kimepewa kipindi chake cha kusema cha milisekunde 10, na anayesikia hujibu papo hapo kuwa amepokea. Asipojibu, ujumbe unarudiwa. Pili, kila mara wanahama chaneli, kati ya 15 zilizopo, hivyo chaneli moja ikivurugwa ujumbe unaofuata utapita kwingine. Wazo hili la kurukaruka masafa lina historia ya kushangaza: hataza moja ya mwaka 1942 nchini Marekani ilitolewa kwa mcheza filamu Hedy Lamarr na mtunzi wa muziki George Antheil, waliotaka adui asiweze kuvuruga redio ya kuongozea kombora la majini. Walipendekeza masafa 88, idadi ya vibonyezo vya piano. Tatu, kila kifaa kina majirani wa kupitishia ujumbe wake zaidi ya mmoja, kwa hiyo lori likiegeshwa mbele ya mmoja, mwingine anachukua.

Mwenye chumba cha ubaridi cha maziwa au samaki hahitaji kununua mitambo ile. Anahitaji kuiga tabia zake: njia zaidi ya moja, kuthibitisha kupokea, na kutochukulia kimya kuwa ni salama.

Hapa ndipo mwandishi anapojilaumu. Kengele yake ilikuwa imepangwa kulia joto likishuka. Ilitakiwa pia kulia kama hakuna taarifa kwa dakika 15. Kipimajoto kinachotuma kila baada ya dakika 5 kinapaswa kukosa mara tatu tu na simu ipige kelele, bila kujali sababu. Kazi hiyo ifanywe na upande unaopokea, kwa kuwa kifaa kilichokufa hakiwezi kutangaza kifo chake. Ukinunua kifaa cha aina hii, fanya jaribio mbele ya muuzaji: kichomoe kwenye umeme na uone simu itasema nini. Ikiendelea kuonyesha namba ileile bila kuonyesha saa iliyopatikana, mrudishie.

Aidha, mtandao usipewe kazi ya kuendesha kitu kinachoweza kuua. Kidhibiti joto cha mashine ya vifaranga, swichi ya tangi la maji lililojaa, kifunga mota iliyopata joto kali, vyote viwe palepale na vifanye kazi hata intaneti isipokuwepo wiki nzima. Mtandao kazi yake iwe kuleta habari.

Umeme na laini ya pili

Mota inayowashwa moja kwa moja huvuta mkondo mara tano hadi saba ya kawaida yake kwa sekunde chache. Kama pampu au mashine ya kusaga ipo kwenye laini moja na ruta, volti hushuka, ruta hujizima na kuwaka upya, na unapoteza dakika mbili kila mara. Wengi huita hali hiyo "mtandao mbovu". Ruta ya kawaida hutumia volti 12 na haizidi wati 12. Betri ya volti 12 yenye ampia-saa 7 ina wati-saa 84, na ukitumia nusu yake ili isife mapema, utapata saa tatu na nusu. Usiifunge ruta moja kwa moja kwenye betri inayochajiwa, maana volti hupanda kupita 14. Weka kidhibiti volti katikati.

Kuhusu laini ya pili, tufanye hesabu. Laini inayopatikana asilimia 95 ya muda, katika siku ya kazi ya saa 12 inakunyima dakika 36. Ukiwa na mbili za uhakika uleule zisizotegemeana, muda wa zote kukosekana pamoja ni kama dakika 2. Tatizo ni hilo neno zisizotegemeana. Kampuni nyingi za simu hupangisha minara ileile, na mnara ukiishiwa mafuta ya jenereta huzima laini zote mbili. Jaribu siku ambayo laini ya kwanza imekatika, si siku zote zikiwa nzima.

Hesabu hiyo ina upande wake wa pili. Umeme, ruta na laini vikifuatana, kila kimoja kwa asilimia 98, kwa pamoja vinakupa 94. Kwa hiyo anayenunua ruta ya kizazi cha saba huku akiwa na waya uliolegea kwenye soketi amepamba kiungo ambacho hakikuwa kibovu.

Bandani kwa mwandishi sasa kuna waya wa mita 34 uliopita chini ya mabati ndani ya bomba la plastiki, betri ndogo, na kengele ya kawaida inayolia hapohapo joto likishuka chini ya nyuzi 37. Simu imepigwa mara mbili usiku tangu hapo. Mara ya kwanza panya alikuwa ameng'ata waya wa kipimajoto. Mara ya pili ilikuwa fyuzi tena, saa 9 usiku, na mayai yalikuwa bado ya moto.